Mifupa ya Mke wa Fundi

Benchi lenyewe lina miguu mitatu na tofali, mbele ya kibanda cha Kinyozi, na wanaolikalia wana jibu la kila jambo isipokuwa mambo yao. Asubuhi hiyo Fundi Nguo alifika uso umekunjamana kama suruali isiyoonja pasi. Kahawa aliishika, hakuinywa. Mkewe, mshonaji mwenzake kwa miaka kumi na minne, alikuwa ameshindwa kuinuka kitini. Ilibidi Fundi amnyanyue kwa kumshika makwapani.

— Hospitali wamesemaje? Kinyozi akauliza.

— Vitamini D imepungua vibaya. Mifupa imelainika, misuli haina nguvu. Wametoa vidonge. Daktari alieleza na mengine, ila mimi akili haikuwepo.

— Vitamini ni chakula tu, alisema Profesa, aliyepata cheo hicho kwa kutoa fotokopi chuoni. Shemeji unamlisha nini, vifungo?

— Anakula kunishinda.

— Basi cherehani hiyo! Kinyozi akadakia. Miaka yote inamtikisa, hata parafujo ingelegea.

— Wewe nawe! Cherehani ya umeme imtikise nani? Profesa akashusha sauti. Ni vipimo. Kila siku anapima miguu ya watu. Kila suruali ikitoka, inaondoka na mguu wake kidogo.

Wakacheka. Fundi hakucheka.

— Jamani, mtu anaumwa. Nyonga, mbavu, kote. Akijigeuza kitandani analia. Juzi kajikwaa kwenye zulia tu, mkono ukavunjika.

Mama mmoja aliyehamia mtaani wiki ile, akisubiri kikombe chake cha kahawa, akasogea.

— Samahani, kaka. Huyo dada anashonea wapi?

— Chumba cha nyuma. Dirisha nililiziba mwenyewe, jua lilikuwa linachujua vitambaa vya wateja.

— Na mnaishi wapi?

— Humo humo, nyuma ya pazia.

— Vitamini hiyo mwili huitengeneza kwa jua. Sasa mara ya mwisho alikaa juani lini?

Fundi akaanza kuhesabu. Mwezi uliopita? Hapana. Msimu wa sare za shule? Sare alizipeleka yeye. Sokoni huenda yeye, bombani yeye, kwa kumhurumia mke asichoke. Akamgeukia Profesa, Profesa akazama kikombeni. Kinyozi akakung'uta kitambaa kisicho na unywele hata mmoja.

Saa nne hiyo, barabara nzima inawaka jua, na benchi zima hakuna aliyekumbuka kumwona mke wa Fundi mchana.