Historia ya Marehemu Mama Mitambo, Aliyechoka Kungoja Zamu

Ndugu waombolezaji, familia inawaomba utulivu, na kila mwenye simu aizime, sababu mtaisikia.

Mama yetu, ambaye wengi mlimwita Mama Mitambo, alizaliwa tarehe 14 Februari 1956, kitinda mimba wa watoto tisa, katika nyumba ambamo mtoto hakusema mezani mpaka wakubwa zake wamalize, na zamu yake ilipofika, mara nyingi vyombo vilikuwa vimeshaondolewa. Alihitimu chuo cha ufundi mwaka 1976, msichana pekee darasani, akaajiriwa na shirika la simu hadi alipostaafu mwaka 2016. Tarehe 8 Agosti 1981 alifunga ndoa na fundi saa, baba yetu, mtu mpole aliyetangulia mwaka 2011, wakajaliwa watoto watatu.

Baada ya kustaafu alihamia ghorofa ya tatu ya jengo lile mnalolijua, ambamo visanduku vyote vya intaneti hugawana njia moja ya hewani, na kila kimoja kimefunzwa adabu, kisikilize kwanza, kikisikia mwenzake anaongea kinyamaze, kingoje kidogo, ndipo kiseme. Mama akakifundisha cha kwake kisingoje. Picha zake zikawa hazikwami, za majirani zikakwama, na mjomba alipomkumbusha kwamba subira huvuta heri, alijibu kuwa ni kweli, huivuta, halafu mwenye haraka anaila. Majirani wakamwendea mmoja mmoja, kwa siri, kila mmoja akiomba chake kitengenezwe vivyo hivyo, na kwa kuwa mama hakuwa mchoyo, aliwatengenezea wote, mpaka jengo zima likawa linapiga kelele hewani na hakuna anayesikika.

Mwaka 2023 alianza kuugua moyo, dada yetu mkubwa akamnunulia bangili yenye kitufe, inayopitia njia ile ile ya hewani, akikibonyeza tu, simu zetu zote tatu ziite. Bangili hiyo mama hakuwa ameichokonoa, bado ilikuwa na adabu yake. Mchana wa Jumanne, tarehe 4 Machi 2025, mama alibonyeza, bangili ikasikiliza, ikakuta wenzake wanaongea, ikangoja. Jirani wa mlango wa pili ndiye aliyemkuta sakafuni, kidole kikiwa bado juu ya kitufe. Jioni, majirani walipozima vyombo vyao kwa heshima ya msiba, njia ikawa kimya, na simu zetu zikaanza kuita, mara moja, mara ya pili, mara ya tatu, zikiandika kwamba Mama anaita, naye amelala mbele yetu, amefunikwa shuka. Tuliogopa sana. Bangili tukaitoa betri, na leo asubuhi, wakati jeneza linafungwa, simu ziliita tena.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wafanyakazi wenzake, na ninyi majirani, ambao hatuwalaumu, maana mlifundishwa na yeye mwenyewe, ila tunawaomba mvirudishie visanduku vile adabu yake, kwani mzee wa ghorofa ya chini naye anavaa bangili kama ile.

Mama, wakubwa wote wamemaliza, sote tumenyamaza, zamu ni yako, sema ulilotaka kutuambia, kisha pumzika kwa amani.