Hapa Ndipo Anaita: Maisha ya Nicholas Kipkoech Chepyegon, 1953–1998

Ndugu, majirani, na ninyi mliovuka mpaka kutoka upande wa Kisii asubuhi hii kwa matope, chamgei, hamjambo nyote. Tunayemlaza leo, Alhamisi tarehe 12 Novemba 1998, ni Nicholas Kipkoech Chepyegon, mtoto wa pili wa marehemu mzee Johana Chepyegon na mama yetu Phelis. Alizaliwa tarehe 3 Machi 1953 hapa hapa Kapsirich, nje kidogo ya Litein, mapambazuko, ng'ombe wakitolewa zizini, ndiyo maana akaitwa Kipkoech. Mbele yake alitangulia Kipchoge, wa mwaka 1950, na nyuma yake akafuata Caren, ambaye ndiye anayewasomea haya. Mkisikia sauti yake imekwama, mvumilieni, itarudi.

Alianza shule ya msingi mwaka 1961, akatahiriwa Desemba 1968 pamoja na Kipchoge, na mwaka 1970 akaitwa kidato cha kwanza mjini Kericho. Hapo ndipo nyumba ilipoinama. Karo haikuwepo. Kipchoge, ambaye naye alikuwa na akili zake, alikuwa ameshaachia darasa la saba na kwenda kuchuma chai kwenye mashamba makubwa. Mzee aliuza ng'ombe mwekundu, yule ambaye mama alikuwa akimwita kila jioni akiwa amesimama ukingoni mwa boma. Mlio wa mama wazee mnaujua: mwito mrefu unaopanda, unakatika, kisha unashuka polepole mpaka ng'ombe mwenyewe anaitika kule bondeni. Basi ng'ombe akaenda, Nicholas akasoma, akamaliza kidato cha nne mwaka 1973. Kipchoge hakulalamika hata siku moja. Alinunua gitaa.

Mwaka 1975 bendi ya vijana wa kambi ya chai ilirekodi santuri moja mjini Kericho, na mwimbaji alikuwa Kipchoge. Wimbo ulikuwa wa ng'ombe yule mwekundu. Katikati magitaa yananyamaza yote, na Kipchoge anaita vile mama alivyokuwa akiita. Santuri zenyewe zilitoka chache, zikauzwa, zikaisha. Moja aliileta nyumbani, na kwa kuwa hatukuwa na mashine ya kuipigia, mama aliiweka mahali pa vitu vya thamani, darini juu ya meko, pamoja na mahindi ya mbegu. Agosti 1976 trela ya majani ilipinduka mteremkoni, Kipchoge akiwa juu yake. Baada ya mazishi Nicholas aliazima gramofoni, akapanda darini, akakuta santuri imejikunja kwa joto kama chapati. Sindano haikukaa juu yake hata kidogo. Na mama alikuwa hajausikia ule wimbo bado.

Mwaka 1977 Nicholas aliajiriwa kuwa karani wa mizani katika kituo cha kununulia majani chai, kazi aliyoifanya mpaka ugonjwa ulipomtoa. Mliopeleka majani pale mtakumbuka kwamba kabla hajasoma mizani alikuwa anauliza, "Kwenu hakuna rekodi za zamani? Hata zenye zimekwaruzwa, leta tu." Watu wakaleta. Alitembea Chepseon, akatembea Sotik, akashuka mpaka Kisii, na popote aliposikia kulikuwa na gramofoni zamani, alibisha hodi. Wengi walidhani anapenda muziki tu. Alikuwa anatafuta kitu kimoja, na hivyo vingine vikamwingia mkononi njiani, mpaka chumba kizima kikajaa santuri ambazo wenye kuzipiga wenyewe walikuwa wameshazisahau.

Alimwoa Sally kanisani tarehe 13 Desemba 1980. Bibi harusi alipoingia nyumbani alikuta masanduku ya santuri juu ya kitanda, akauliza kwa upole kama nao wageni hawa watalala hapo. Nicholas aliyatoa mbio, na Sally mpaka leo anasema hiyo ndiyo mara pekee alipomwona mume wake akibeba santuri kwa haraka. Mungu aliwajalia Kibet, Chelangat, na mwaka 1985 kitinda mimba wao, ambaye hakumngoja mkunga, akaitwa Chepchirchir.

Santuri ya Kipchoge aliipata mwaka 1983, siku ya soko Sotik, chini ya rundo la mitumba. Krismasi ile aliipiga hapa nyumbani. Magitaa yaliponyamaza na Kipchoge akaita, mama aliinuka, akatoka nje, akaangalia langoni. Alirudi, akakaa, akasema, "Weka tena." Tangu siku hiyo kila Krismasi ilikuwa hivyo, na hakuna mtu aliyeruhusiwa kumega nyama kabla.

Sasa tuseme habari za Jumamosi zake, maana bila hizo hamtamjua. Pale Litein kulikuwa na kibanda cha Nyang'au, Mkisii, fundi wa redio, na kila Jumamosi mchana wapenda muziki walikusanyika hapo kila mtu na santuri yake kwapani, wakabishana mpaka wapita njia wakadhani kuna kesi. Nicholas alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kunyamaza.

"Nyang'au, huyo mtu wenu anaimba kama anafukuza tumbili kwa mahindi," alikuwa akisema.

"Na huyo wenu analia kila wimbo," Nyang'au akajibu. "Nani amemchapa?"

"Hiyo si kulia, ni sauti. Nyinyi mmezoea kelele ya Kongo, gitaa tano na hakuna hata moja inasikia ingine."

"Wee Koech! Kongo uwachie Kongo. Hawajakukosea."

Walikuwa wakibishana hivyo mpaka Nicholas atoe santuri ya Kipchoge. Wimbo ukikaribia katikati, alikuwa hawezi kujizuia. Anaruka kutoka kwenye benchi, anapunga mikono, anapaza sauti: "Nyamazeni! Nyamazeni nyote! Hapa ndipo anaita!" Watu walicheka, kwa sababu mara nyingi aliyekuwa akipiga kelele ni yeye peke yake.

Mwaka 1992 vita vilipozuka mpakani, Nyang'au alifunga kibanda, akatia vyombo vyake ndani ya gunia, akaenda kwao. Nicholas alimsindikiza mpaka Sotik, Mkipsigis na Mkisii wakitembea pamoja wakati ambapo wenye akili walikuwa wamejifungia ndani. Siku hiyo hawakuzungumza muziki. Walishikana mikono, wakaachana, na Jumamosi zikafia hapo.

Halafu ikaja 1994. Chepchirchir alikuwa na ugonjwa wa moyo. Miguu ilivimba, kupanda kilima cha shule akawa hawezi, na madaktari wakasema njia ni kupasuliwa, tena mbali, tena upesi. Familia ilikuwa bado inauliza itafikaje huko, mhubiri mmoja mgeni akafika sokoni na mkutano wake. Huyo hakuwa mchungaji wetu, na jina lake halitasomwa hapa, maana sio yeye tunayemzika. Aliingia nyumba hii, akaona masanduku, akauliza ni nani wanaimba humo. Akaambiwa wengi wao wamekufa. Akasema mtoto hawezi kupona katika nyumba yenye sauti za wafu.

Sally alimsihi mume wake, na ni mama gani hapa angekaa kimya? Mfa maji hushika maji. Jumapili tarehe 13 Machi, Nicholas alizibeba santuri zote mwenyewe mpaka sokoni, akazimwagia mafuta ya taa mwenyewe. Watu waliimba mapambio. Waliokuwa karibu wanasema santuri ya Kipchoge aliishika mkononi mpaka mwisho, mhubiri akamwambia kwa sauti ya upole kwamba Mungu haletewi nusu. Akaitupa.

Jioni ile alienda kumweleza mama, kwa sababu hakuwa amemuuliza. Mama hakupaza sauti. Alisema, "Kipchoge tulishamzika, Nicholas. Mbona umemchoma?"

Chepchirchir alifariki Ijumaa tarehe 29 Aprili 1994, akiwa na miaka tisa. Kaburi lake ni hili hapa pembeni. Mhubiri alikuwa ameshahamia soko lingine.

Tangu hapo, jamani, Nicholas alikuwa anaishi kwa sababu hajafa. Kazini alikwenda. Kanisani alikwenda, akakaa kiti cha nyuma. Alianza upya kuuliza wakulima pale mizani, lakini zama za kaseti zilikuwa zimefika na santuri watu walikuwa wameshawapa watoto wachezee. Alirudi Sotik kwenye mitumba mara nyingi mno. Alitafuta watu wa ile bendi, akapata mmoja aliye hai, ambaye hakukumbuka hata kama waliwahi kurekodi. Krismasi zilizofuata mama aliketi mahali pake pale pale na chakula kikaliwa bila wimbo. Nicholas hakuwa na uwezo wa kumtazama. Mtu aliyempoteza mtoto hupewa pole. Mtu aliyempoteza mtoto, na akawa amemchoma ndugu yake kwa ajili ya huyo mtoto, na bado akampoteza, watu hawajui wampe nini. Hata sisi wa tumbo moja naye hatukujua.

Mwaka huu mwezi wa Februari chakula kilianza kumkwama. Tulidhani ni koo la baridi. Mwezi wa Mei ikaitwa saratani ya umio. Ugali ukamshinda, ukafuata uji, mwishowe hata mursik ya mama, maziwa yake ya kibuyu, ikawa haishuki. Sauti nayo ikamwacha. Yule mtu wa kusikika kutoka kwa Nyang'au mpaka stendi akabaki na mnong'ono ambao lazima uinamie mdomo wake uusikie. Hakuomba dawa. Alichomnong'oneza Sally kila siku ni kimoja: asikie mwito ule mara moja, kisha mama ausikie, basi.

Mwezi wa Oktoba Caren alikutana na Nyang'au sokoni Sotik, amezeeka, ana kibanda kidogo upande wa kwao. Akamweleza hali ilivyo. Nyang'au akasema, "Ngoja. Ngoja kidogo. Fundi akitengeneza redio ya kaseti ya mtu, lazima ajaribu kama inarekodi. Mimi nilikuwa nabonyeza tu, Jumamosi, watu wakiongea. Hizo kaseti niko nazo kwa gunia."

Jumapili tarehe 18 Oktoba alifika hapa na redio begani. Tulikuwa tumemketisha Nicholas kwa mito, mama yuko kando ya kitanda. Nyang'au hakubonyeza mara moja. Alisema, "Koech, wimbo uko, mzima. Lakini iko na kelele. Nakuambia mapema."

Ikaanza. Mvumo wa santuri, magitaa, halafu Kipchoge. Alikuwa yeye, safi, kijana wa miaka ishirini na mitano. Nicholas alifumba macho. Nyuma ya wimbo walisikika watu wa Jumamosi wakicheka, mtu akiomba koleo. Mama alikuwa amemshika mkono. Magitaa yakanyamaza. Na palepale, juu ya mwito wote, kutoka mwanzo wake mpaka mwisho wake, ikapasuka sauti ya Nicholas mwenyewe: "Nyamazeni! Nyamazeni nyote! Hapa ndipo anaita!"

Alipomaliza, magitaa yalikuwa yameshaanza tena.

Alionyesha kwa kidole irudishwe. Nyang'au akairudisha. Ikarudishwa tena na tena, redio ikabanwa sikioni mwake, Nyang'au akazungusha vifundo vyote alivyovijua huku machozi yakimdondoka juu ya redio. Hakuna fundi anayeweza kuitoa sauti ya mtu juu ya sauti ya mwingine. Mwishowe Nicholas aliusukuma mkono wa rafiki yake taratibu. Sally akainama, akamsikia akisema, "Si ningenyamaza tu."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya mwisho ya maana. Tungependa kuwaambia kwamba alipata amani baadaye, kama inavyoandikwa katika karatasi hizi siku zote. Hakupata. Aligeukia ukutani, na alfajiri ya Alhamisi tarehe 5 Novemba, saa ile ile ya kutoa ng'ombe, akatuacha.

Amemwacha mama yake, Phelis, ambaye sasa hana mwana wa kiume duniani. Amemwacha mjane wake, Sally. Tunawaomba msimlaumu, kazi hiyo anaifanya mwenyewe usiku na mchana. Amewaacha Kibet na Chelangat, dada yake Caren, shemeji na wapwa, na Nyang'au, ambaye katika karatasi kama hii huwa hakuna mstari wake, leo tumeuweka.

Kabla ya udongo kurudishwa, mama ameomba kaseti ipigwe mara moja, na mchungaji wetu amekubali. Mwenye kuona ni dhambi asimame kando kule kwenye shamba la chai, hatutamwangalia vibaya. Jana mama alituambia kwamba siku ile ya Oktoba alikuwa akisikiliza mwana mmoja na kumkasirikia mwingine kwa kumfunika. Sasa anawataka wote wawili, na hawapatikani mahali pengine popote isipokuwa hapo, mmoja juu ya mwenzake. Kwa hiyo Nyang'au akibonyeza, tafadhali, watoto washikwe, wenye kukohoa wakohoe sasa. Na Nicholas akituambia tunyamaze, safari hii tunyamaze.

Lala, Koech. Amani uliyoikosa kitandani, uipate hapa.