Ndege ya Mabango

Njia panda ya Majimboni, pale barabara ya vumbi inapoachana na ile ya kuteremkia Msambweni, kuna duka la dawa za mifugo, kinyozi asiye na wateja, na benchi. Duka hufungwa, kinyozi hulala, lakini benchi halijakosa watu tangu lilipowekwa. Ni benchi zuri, tusilinyime haki yake. Mbao zake ni nene, za kazi nyingine kabisa: zilikuwa sakafu ya dungu lililosimama shambani kwa Muange, ukingoni mwa msitu, ambako wanaume wa hapa walikuwa wakikesha kwa zamu na kupiga madebe ili ndovu wasishuke kwenye mahindi. Ndege ya Muange ya kufukuza ndovu ilipoanza kuruka, dungu likaonekana mambo ya kizamani. Likavunjwa, mbao zikateremshwa njia panda, na Chome seremala, ambaye hapa huitwa Fundi, akazipiga misumari kwa mkono wake mwenyewe. Watu walimsifu sana siku hiyo. Shutu akaleta dele lake la kahawa na kashata zake, maskani ikapata uhai, na usingizi ukarudi katika nyumba ambazo hazikuwa zimelala vizuri miaka na miaka.

Sasa Muange alikuwa ameshauawa na ndovu na kuzikwa, na Chome alikuja benchini na swali la kutumwa. Mkewe Twaiba alikuwa amempa swali hilo adhuhuri, akiwa bado na unga mikononi. Alisema Kavenya, mjane wa Muange, anauliza nani atalala shambani leo. Jana ndovu walirudi wakala upande wa chini wote. Kilichobaki ni upande wa juu, na huo ndio chakula cha wanawe mpaka mvua nyingine. Waulize wenzio, Twaiba alisema, na usirudi bila jibu.

Ni swali dogo, mtu angelisema kabla kahawa haijapoa. Lakini Chome alikuta mjadala umeshawaka, na kwenye maskani yetu mjadala ukishawaka hauna pa kuingilia.

— Mimi nawaambia, hiyo ndovu haikuwa na shida na Muange, alikuwa akisema Kisilu, mwenye duka la dawa za mifugo, ambaye kwa sababu hiyo huitwa Daktari. — Ilikuwa na shida na network. Rimoti inatoa mawimbi. Na ndovu iko na masikio makubwa kushinda dishi ya TV. Inashika kila kitu.

— Daktari, wewe uza dawa ya kupe, Shutu akamjibu huku akimimina. — Ile sura iliyokuwa bawani ilikuwa ya nani?

Kila mtu aliijua sura ile. Muange alikuwa fundi wa redio na simu, kijana wa Kikamba aliyezaliwa papa hapa baada ya baba yake kupewa shamba la skimu, na kampeni zilipokwisha alizunguka na baiskeli akikusanya mabango ya wagombea. Si yale ya karatasi. Ni yale ya plastiki nyepesi, ngumu, yenye vijibomba ndani, ambayo hufungwa juu ya nguzo za stima na hakuna anayerudi kuyafungua. Alikuwa akiyapasua kwa wembe upande mmoja tu, kufuata vile vijibomba, kisha akiyakunja yakawa bawa. Spoku za baiskeli zikawa za kuvutia mkia. Mota aliipata Ukunda, kwa mtu anayenunua vitu vilivyoharibika vya wageni wa Diani. Na kwa kuwa mabango mengi yalikuwa ya bwana mmoja aliyetaka udiwani akashindwa, ndege ilitoka na nusu ya uso wake bawa la kulia, nusu nyingine bawa la kushoto, na meno yote ya kutabasamu.

— Ndovu hasahau, Shutu akaendelea. — Bwana yule alisimama hapa juu ya gari akaapa kututilia uzio wa stima. Ndovu walikuwa pale msituni wanasikiliza. Sasa usiku wanaona sura ile ile inawajia kwa juu, inacheka.

— Lakini kura alishindwa, Kisilu akasema.

— Ndovu atajuaje? Matokeo hayakufika msituni.

Wakacheka. Chome naye alicheka, kisha kicheko kikamkwama, kwa sababu mwenye ndege hakuwa na juma kaburini.

— Jamani, akasema, kuna jambo nimetumwa.

— Subiri kidogo, Fundi, subira yavuta heri, alisema Salimu. Huyu ni Kadhi, si kwa elimu bali kwa kuwa hakuna jambo linalopita hapa bila yeye kulikatia hukumu, na hukumu zake zote huja na methali, iwe inafaa au haifai. — Nyote mnapiga chini na pembeni. Methali yasema penye nia pana njia. Ndovu alikuwa na nia, akapata njia. Sasa tuulizane, nia hiyo alitiwa na nani?

Salimu akanywa kahawa yake polepole ili watu waumie.

Ndege ile, alisema, ilikuwa ikipita juu ya kaya, msitu mtakatifu wa wazee, bila kuombewa ruhusa. Hilo la kwanza. La pili, kuna usiku upepo uliichukua ikapotea mpaka asubuhi. Ilikuwa wapi? Binamu yake afanyaye kazi hotelini kule Chale aliona kitu chenye taa mbili kikizunguka juu ya vyumba vya wageni. Wenye hoteli hawapendi kuchunguliwa. Na mtu mwenye pesa, akitaka kukuondoa, hatumi askari. Hutuma kitu kisichoweza kushitakiwa.

— Yaani wenye hoteli walimtuma ndovu? Kisilu akauliza.

— Mimi sikusema. Nyinyi ndio mmesema.

— Kutoka Chale mpaka huku?

— Hakutembea, Daktari. Alitiwa nia tu.

Chome aliwasikiliza akihisi swali la mkewe likimchoma kifuani. Na chini ya swali hilo kulikuwa na jingine ambalo hakuwa ametumwa na mtu.

Yeye aliiona ndege usiku wa kwanza. Yeye ndiye aliyeirusha. Muange alisimama katikati ya mahindi na rimoti, Chome akakimbia hatua chache na kuisukuma juu kwa mkono, kisha akabaki ubavuni kwa Muange akimulika vichakani. Kijiji kizima kilikuja kutazama, kila mtu na tochi yake, shamba likang'aa kama kuna harusi. Mota ikavuma. Na mvumo ule ulikuwa wa nyuki hasa, bumba zima la nyuki wenye hasira, na ndovu hana anachokiogopa kama nyuki. Walisikika wakivunja miti kurudi msituni, na watu wakapiga makofi. Kwa wiki kadhaa ikawa hivyo. Halafu watu wakazoea. Aliyekuwa akija kila usiku akaja mara moja moja, wa mara moja moja akaacha. Muange akajifunza kuirusha kwa mkono mmoja, rimoti ikiwa mkono wa pili. Kwenye nyumba zetu tukabaki kuusikia mvumo kitandani, tukasema Muange yuko kazini, tukageukia ubavu wa pili.

Usiku ule wa mwisho Chome aliusikia. Uliendelea muda mrefu kuliko kawaida. Kisha ukakatika, naye akafikiri betri imekwisha, akalala.

Kavenya ndiye aliyemkuta, kulipopambazuka. Ndege ilikuwa imenasa juu ya mkorosho na vitaa vyake bado vinawaka, kimoja chekundu na kimoja kijani. Rimoti ilikuwa mikononi mwa mumewe. Walimpeleka chumba cha maiti Msambweni nayo hivyo hivyo, kwa kuwa vidole havikukubali kuiachia.

— Kavenya anauliza, Chome akasema, na safari hii sauti ilitoka kubwa kuliko alivyotaka.

Wakamgeukia.

— Anauliza nani atalala shambani leo. Ndovu walirudi jana.

Kisilu akasema yule mama ni wa kuonewa huruma, na kwamba kanisani wameshamtaja katika maombi. Shutu akasema serikali lazima ilipe, ila serikali huchelewa. Wote wakamtazama Salimu.

— Hilo la Kavenya ni zito, Salimu akasema. — Tutaliketia.

Chome akawatazama walivyokuwa wameketi, tangu alasiri, bega kwa bega juu ya zile mbao. Kisilu akarudi kwenye mawimbi. Sasa ikawa si ndovu mmoja bali ndovu wote wa msitu wa Shimba wanaongea kwa masafa yale yale ya rimoti, na huenda Muange, bila kujua, alikuwa akiwatukana kila usiku kwa lugha yao. Shutu akaongeza kwamba huenda hata si ndovu, maana nyayo zile, yeye alivyoziona, ziligeuka njiani zikawa za kiatu. Salimu akasema heri kufa macho kuliko kufa moyo, na kwa jinsi alivyolisema ungedhani limemaliza kesi.

Hapo ndipo mgeni akateremka kutoka njia ya juu.

Alikuwa mtu mzima, mwembamba, suruali imejaa mbegu za nyasi mpaka magotini. Mkono mmoja alikuwa ameikumbatia ndege, bawa moja limevunjika, nusu ya tabasamu ya yule bwana ikining'inia. Mkono wa pili alikuwa na rimoti. Wengine walimwona mazishini lakini hawakuongea naye. Alikuwa Mukonyo, kaka mkubwa wa Muange, aliyetoka Kibwezi kuja kuzika.

— Salamu zenu, wazee.

Wakaitikia. Wakasogea, wakampa nafasi katikati ya benchi. Salimu, ambaye mdomo wake humtangulia, akasema:

— Karibu, karibu. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Methali ile ilianguka chini ikabaki hapo. Shutu akamimina kahawa upesi. Mukonyo aliipokea kwa adabu, akaiweka chini bila kuonja, akaweka na ndege kando ya mguu wake.

— Nimeitoa mtini leo, akasema. — Mke wa marehemu alitaka ikae nyumbani, watoto waione. Mimi sijawahi kuona kitu kama hiki. Inaendeshwa namna gani?

Kila mtu alimtazama Chome. Chome akaichukua rimoti. Ilikuwa imefutwa vizuri, lakini pembeni mwa vifungo mlikuwa bado na udongo. Akamwonyesha. Kidole gumba cha kushoto, mota. Kidole gumba cha kulia, mkia. Macho usiyaondoe juu, kwenye vile vitaa, kwa sababu ukiipoteza macho sekunde moja imeshakwenda.

Mukonyo aliitwaa tena. Akaishika kwa mikono yote miwili, vidole gumba juu, akainua uso akatazama mbinguni, mahali pasipokuwa na kitu. Alikaa hivyo kitambo. Shingo yake yote ilikuwa wazi. Chome akashindwa kumwangalia, maana alikuwa na kimo kile kile cha Muange, na kidevu kile kile.

— Na tochi? Mukonyo akauliza, bado anatazama juu.

— Tochi gani? Kisilu akasema.

— Ilikuwa usiku. Mikono yote miwili iko hapa. Macho yako juu. Mukonyo akateremsha uso akawaangalia mmoja mmoja, bila hasira yoyote, na hilo ndilo lililokuwa baya. — Tochi alikuwa ameshika nani?

Shutu akainama kupuliza makaa ya dele lake.

— Siulizi kwa ubaya, akasema. — Mama hawezi kusafiri, ananipigia simu kila asubuhi. Anataka kujua mtoto wake alisema nini mwisho. Nikamwambia, kazi kama ile haifanywi na mtu mmoja, lazima kuna mwenzake aliyekuwa naye. Nitamtafuta nimuulize. Na nimshukuru.

Kisilu alikuwa akikichunguza kikombe chake kana kwamba kina maandishi. Salimu alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu tumfahamu haikutoka methali wala chochote. Shutu akaliinamisha dele kwenye kikombe cha mtu ambaye hakuomba. Yakatoka machicha matupu, meusi, nusu kikombe, naye akaendelea kuliinamisha.

Nyumbani kwa Chome, juu ya msumari nyuma ya mlango, palikuwa na tochi. Usiku ule betri zake zilikuwa na moto kamili. Aliiona alipofumba macho na aliiona alipoyafumbua. Mtu mwingine angesema. Angesema mimi ndiye niliyekuwa nikiishika, kisha nikaacha, na usiku huo niliusikia mvumo mpaka ulipokatika. Chome hakuweza. Aliona haya, akainama akatafuta kwenye kikapu chake cha kazi, akatoa nyundo.

— Simameni, akasema.

Hawakuelewa.

— Inukeni kwenye hizi mbao za dungu.

Wakainuka, vikombe mikononi. Mukonyo aliinuka mwisho. Chome akaligeuza benchi miguu juu, akaingiza makucha ya nyundo chini ya msumari wa kwanza na kuukandamiza. Mbao ikalia. Ukatoka, ukafuata wa pili. Aliifanya kazi bila kuinua kichwa, na mbao ya kwanza ilipoachia, Mukonyo akaipokea upande wa pili bila kuambiwa, akaiegemeza begani kuelekea njia ya juu, shambani kwa Kavenya. Jua lilikuwa limeshaupita msitu.

Kisilu akauliza, sasa kesho watakaa wapi.