Matundu Manne, Mlango Mmoja

Basi lilipotoka stendi, fundi cherehani alikuwa ameshatega sikio. Kwenye kiti cha mbele yake walikaa wawili wasiojuana: fundi redio, na mzee aliyepakata miksa ndogo ya kurekodia sauti kama mtoto mgonjwa.

"Muuzaji alisema ina USB, inaingia moja kwa moja kwenye kompyuta," mzee alieleza. "Nikachomeka maiki ya mke wangu tundu la kwanza, gitaa langu la pili, tukarekodi wimbo. Sasa nataka kulitoa gitaa, ibaki sauti yake tu."

"Halitoki, mzee wangu," fundi redio alisema. " Hii hupeleka vitu vikiwa vimeshachanganywa, kama chai na sukari yake. Ungechukua ile inayopeleka kila tundu peke yake."

"Lakini matundu yapo manne!"

"Manne ya kuingilia. Mlango wa kutokea ni mmoja."

Fundi cherehani aliguna kimoyomoyo. Naye aliwahi kuchagua cherehani kwa wingi wa taa.

Mzee hakukubali. "Kuna namna tu. Mwenyewe alilalamika gitaa linamfunika, nikamwambia, wewe imba, tutalipunguza baadaye."

"Basi si neno. Tafuta miksa nyingine, mrekodi upya."

"Gitaa ninalo," mzee alisema. "Mwimbaji tumemzika Alhamisi."

Mzee akashika kidude cha sauti ya gitaa, akakizungusha taratibu mpaka kikagota kwenye sifuri. Basi likasimama.