Fundi Istahil na Siku Moja ya Balambala

Wasikilizaji wapendwa, asalaam aleikum. Mlioko Garissa mjini, mlioko Balambala na Dadaab, na ninyi mlioko malishoni na redio imening'inia kwenye mzigo wa ngamia, sogeeni karibu. Leo tunamkumbuka Istahil Nunow Warsame. Amefariki mwezi uliopita, akiwa na miaka arobaini na sita. Alikuwa fundi wa lenzi. Narudia, fundi wa lenzi, si daktari wa macho. Angekuwa hai angetaka nilirudie hilo, maana kwa miaka kumi na saba watu walimpelekea macho yao pale dukani kwake mtaa wa Iftin, naye akawarudisha kwa upole. Aliwaambia yeye hutengeneza macho ya mashine, ya binadamu waende hospitali.

Nitawaambia pia habari ya siku moja. Ni siku moja ya saumu ambayo watu wa Balambala wanadaiwa na hawajui. Istahil alijua. Mzee mmoja alijua. Na mtu mmoja wa kituo hiki alijua, akanyamaza. Siwezi kumkumbuka Istahil nikairuka siku hiyo, kwa hiyo nivumilieni.

Istahil alizaliwa Balambala. Baba yake, Nunow, alikuwa na darubini ya kutafutia ngamia waliopotea. Jicho moja la darubini hiyo lilikuwa limeota ukungu ndani. Istahil, akiwa na miaka kumi, aliifungua kwa kisu, akafuta vioo kwa shuka la mama yake, akaifunga tena. Vipande viwili vya kioo vikabaki mkononi na hakujua vinakaa wapi. Basi akavificha. Asubuhi Nunow akatazama, akawaona ngamia wake wamegeuka, miguu juu, vichwa chini. Bakora ilitembea, wasikilizaji wapendwa. Lakini mdogo wake Nunow, Mzee Olow Warsame, alicheka siku mbili nzima, kisha akasema mtoto huyu apelekwe shule.

Akapelekwa. Alisoma Garissa, akasoma Nairobi, akaenda Pune, India. Huko alifanya kazi katika kiwanda cha lenzi za kamera. Alianza kwenye benchi la kung'arisha, kioo mkononi, maji na unga mwekundu, siku nzima kwa lenzi moja. Baadaye wakampandisha kwenye meza ya michoro. Pale ndipo lenzi huanzia. Unachora njia ya mwanga, unaingia hapa, unapinda hapa, unakutana pale. Unaamua kioo kitune kiasi gani katikati na kibonyee kiasi gani. Mumewe, mwalimu Alio, ananiambia kwamba Istahil aliichora njia ya mwanga hata pembeni mwa daftari la mahitaji ya jikoni, karibu na sukari na majani ya chai.

Aliporudi na mashine yake ya kusagia kioo, mji ulinong'ona. Mwanamke na vioo, tena vya kuchungulia mbali? Mzee Olow ndiye aliyewanyamazisha. Siku ya mnada alisimama katikati ya soko la mifugo, akavua darubini yake shingoni, akamkabidhi binti wa kaka yake aitengeneze, mbele ya watu wote. Kuanzia hapo wateja wakaja. Walikuja wapiga video wa harusi. Yalikuja mashirika ya Dadaab na kamera zilizokwaruzwa na mchanga. Walikuja wachungaji. Wazee walimwendea kwa kioo cha kukuzia maandishi, wasome msahafu. Lenzi hizo za wazee alizisaga kwa mkono wake mwanzo hadi mwisho.

Sasa tufike kwenye siku yenyewe. Ni Ramadhani ya miaka mitano iliyopita. Wazee wa Balambala walimwomba Istahil awatengenezee darubini ya kutazamia mwezi. Hakuwahi kuagizwa kazi ya heshima kama ile. Akachora, akasaga, akang'arisha. Tarehe ishirini na nane lenzi zilikuwa tayari. Lilibaki jambo moja dogo. Ukingo wa lenzi, pale pembeni panapoketi ndani ya bomba, hupakwa rangi nyeusi. Ukiachwa mweupe, mwanga unaoingia kiubavu hugonga pale ukarudi ndani, na mtazamaji huona uzi wa mwanga uliopinda. Rangi hiyo hukauka kwa siku nzima. Gari la Mzee Olow lilikuwa linanguruma mlangoni, na kesho yake ndiyo siku ya kuutazama mwezi. Istahil akasema moyoni, nitapaka baada ya Eid. Akafunga bomba, akampa.

Jioni ya tarehe ishirini na tisa watu walisimama uwanjani Balambala. Magharibi kulikuwa na vumbi, na kwa macho matupu hakuna aliyeona kitu. Mzee Olow akainama kwenye darubini. Akatazama muda mrefu, kisha akaapa kwa jina la Mungu. Akasema ameuona. Lakini mnajua, kwa madhehebu yetu kumaliza Ramadhani huhitaji mashahidi wawili. Pale palikuwa na mtangazaji mmoja wa kituo hiki, ametumwa kuleta habari. Wakamwita naye atazame. Akaona uzi mwembamba, mweupe, umepinda. Mkono wake uligusa bomba kidogo, na uzi ukasogea pamoja na bomba. Mtangazaji aliliona hilo. Lakini simu ilikuwa mfukoni na alitaka kuwa wa kwanza. Akasema ameuona.

Basi ikatangazwa hapa hewani. Balambala ikapiga takbira, na vijiji vinavyofuata redio hii vikapiga takbira. Asubuhi mbuzi wakachinjwa. Garissa mjini wengi waliendelea kufunga, na hilo halikumshangaza mtu, kila mwaka sisi hugawanyika. Istahil alisikia tangazo akiwa na tende mkononi, akalia kwa furaha. Asubuhi naye akala.

Alasiri ya Eid hiyo Mzee Olow alimrudishia darubini aisafishe vumbi, pamoja na paja la mbuzi. Aliketi, akanywa chai ya maziwa ya ngamia, akamwambia kwamba sasa hata wale walionong'ona wanamwita fundi. Alipoondoka, Istahil akaitoa darubini uani. Magharibi ilikuwa imeingia na mji mzima ulikuwa ukiutafuta mwezi. Akatazama, akaona miezi miwili.

Mmoja ulikuwa mahali pake. Wa pili ulikuwa kando, mwembamba zaidi. Akasogeza bomba. Wa kwanza ukabaki mbinguni, wa pili ukamfuata. Akaelekeza bomba mahali pasipo na mwezi kabisa, na ule wa pili ulikuwepo. Akaifungua darubini palepale uani, akaushika ukingo mweupe wa lenzi kwa kidole. Wahenga walisema aibu ya maiti aijuaye mwosha. Aibu ya lenzi aijuaye fundi, na Istahil aliijua jioni ile, watu wakipiga takbira pande zote.

Angesema kesho yake. Alikusudia kusema kesho yake. Lakini kusema ni kumwambia Mzee Olow, aliyemtetea sokoni, kwamba kiapo chake kilikuwa juu ya mwezi usiokuwepo. Ni kuliambia eneo zima kwamba lilikula mchana wa Ramadhani kwa sababu ya rangi ambayo hakupaka. Akaona haya. Akapaka ukingo ule rangi nyeusi, akanyamaza. Na kesho ile ikawa miaka minne.

Sifa ndizo zilizomchoma zaidi. Habari ilienea, hadi Kutulo kule Mandera wakaagiza darubini kama ile ya Balambala. Aliwatengenezea, safi, ukingo mweusi, na kila aliyemshukuru alimfanya ainamishe kichwa kwa haya. Yeye mwenyewe aliilipa siku yake juma lile lile. Kisha mama yake mdogo, Qali, akafariki Balambala kabla ya Eid ya kuchinja. Istahil alimwosha kwa mikono yake, akijua huyu anakwenda na siku moja shingoni. Akamfungia siku hiyo. Kwa Qali aliweza, ni damu yake. Wengine waliokufa walikuwa na jamaa zao wa kuwafungia, ila jamaa hawakujua. Akaanza kufunga Jumatatu na Alhamisi, na mtaa ukamsifu kwa uchamungu. Binti yake, Ruqiya, yuko kidato cha nne. Amenieleza hivi: "Watu wakimuita mcha Mungu, mama anaingia ndani analia. Nilidhani ni unyenyekevu. Ilikuwa aibu, hakuna kitu ingine."

Mwaka jana Mzee Olow aliugua sukari, na Istahil hakuweza tena. Alisafiri hadi Balambala, akakaa chini kando ya kitanda chake, akamweleza yote, miezi miwili, ukingo mweupe, gari mlangoni. Mwalimu Alio alikuwepo. Anasema mzee alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akazungumza kwa Kisomali, na kwa Kiswahili ni hivi: "Adeer, kioo hakiapi. Niliyeapa ni mimi. Nenda redioni ukawaambie watu, ili walipe siku yao wakiwa hai." Adeer ni ami, na kwetu ami humwita hivyohivyo mtoto wa kaka yake. Alimwita hivyo, hakumwita kwa jina, na Istahil akajua amesamehewa.

Akaja hapa kituoni. Alimtafuta mtangazaji yule aliyekuwa shahidi wa pili. Mtangazaji akamrekodi, dakika mbili, akamwahidi kwamba Ijumaa hiyo sauti yake itasikika. Ijumaa ikapita. Akamwambia subiri uchaguzi mdogo uishe. Ukaisha. Akamwambia subiri Ramadhani, watu watakuwa na moyo laini. Ramadhani ikaja ikaondoka. Akamwambia watu wameshasahau, fundi, mbona unafukua?

Mzee Olow alifunga siku yake, mgonjwa vile. Kisha kila Ijumaa akawashiwa redio kitandani. Ruqiya alikuwa Balambala likizo ile, na ananiambia babu yake alikuwa anauliza swali moja tu: "Leo watasema?" Alifariki akiuliza.

Baada ya maziko Istahil alikuja tena, akasimama langoni kwenye jua. Mtangazaji akamtuma askari amwambie yuko hewani. Hakuwa hewani. Alikuwa chumba cha chai, na kikombe mkononi, anamtazama dirishani akingoja aondoke. Istahil alikuwa anakohoa. Vumbi la kioo lilikuwa limeshamkaa kifuani. Alingoja karibu saa nzima, akaondoka. Mwezi uliopita tukamzika.

Wasikilizaji wapendwa, nimekuwa nikisema "mtangazaji mmoja". Ni mimi, Abdinasir. Mimi ndiye shahidi wa pili. Mimi ndiye niliyeona uzi ukisogea na bomba nikasema ni mwezi. Kosa la Istahil lilikuwa rangi ya ukingoni. Mimi nilikuwa na macho mazima na ulimi mzima, nikavitumia vibaya vyote viwili. Husemwa njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na miaka mitano, na nilitembea juu yake nikiwa nimevaa koti na kitambulisho cha kazi. Makaburini Ruqiya alinipita bila salamu, nami sikumlaumu.

Hii hapa sauti ya mama yake. Nimeiweka kwenye droo mwaka mzima. Sikilizeni.

"Mimi ni Istahil Nunow, fundi wa lenzi. Ile Eid, watu wa Balambala, mwezi hamkuiona. Mliona kosa yangu. Ukingo ya lenzi sikupaka rangi, kwa sababu nilikuwa na haraka na nilipenda sifa. Adeer yangu hakudanganya, kitu aliona. Nilijua kesho yake na nikanyamaza, na hiyo kunyamaza ni mbaya kushinda ya kwanza. Mko na deni ya siku moja. Naomba mnisamehe. Na kama hamtaweza kunisamehe, lipeni tu siku."

Kwa mwalimu Alio, kwa Ruqiya, na kwa ukoo wote wa Warsame, kituo hiki kinatoa pole. Mwenyezi Mungu amrehemu Istahil, amrehemu Mzee Olow, amrehemu Qali. Ukoo huu ulileta ukweli mlangoni kwetu na tukaufungia nje. Pole hii ina aibu ndani yake, na naomba muipokee hivyo.

Nimewauliza masheikh wawili. Wamesema siku ni moja, haina haraka ya leo wala kesho, ila ilipwe. Nimekwenda Balambala pia, nikauliza nyumba kwa nyumba. Tangu Eid ile wamezikwa watu thelathini na mmoja. Jamaa zao wengine wako Nairobi, wengine Dadaab, wengine sijui waliko. Kama mama yako au baba yako alikula Eid ile na sasa hayupo, siku yake iko mikononi mwako. Wako pia wanne ambao sikupata jamaa yao hata mmoja, na hao sijui nitawajibu nini.

Basi narudia, ili asikose kusikia mtu. Ulikuwa Balambala, au kijiji chochote kilichofuata redio hii, Ramadhani ile ya miaka mitano iliyopita. Ulikula siku ya thelathini kwa sababu nilikuambia ule. Unadaiwa siku moja. Ukishazima redio, nenda kamwambie jirani ambaye hana redio.