Mama Ramani na Hospitali ya Kando ya Daraja

Wapendwa waombolezaji, kwa niaba ya familia, mimi mdogo wake naomba mnisikilize, na msishangae mkiniona nimetulia, kwa kuwa dada yetu ametuachia majonzi lakini hakutuachia kinyongo.

Marehemu, mliyezoea kumwita Mama Ramani, alizaliwa tarehe 9 Mei 1961, mtoto wa pili wa fundi cherehani, akasoma shule zote hapa hapa mjini, akahitimu chuo cha upimaji mwaka 1984, na tarehe 3 Januari 1985 akaajiriwa idara ya mipango miji, alikodumu hadi kustaafu. Alifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1987 na shemeji yetu, fundi umeme, wakajaliwa mabinti wawili.

Mwaka 2003 alikabidhiwa kazi ya kutafuta kiwanja cha hospitali mpya, akapanga kwenye kompyuta ramani ya makazi, ya barabara na ya mafuriko, moja juu ya nyingine, kiwanja kikaangukia nyuma ya soko, wakubwa wakapiga makofi. Wiki hiyo hiyo alikwenda kumwona dada yetu mkubwa ng'ambo ya mto, akazunguka asubuhi nzima kulifuata daraja, ndipo moyo ukamlipuka, maana alikuwa amepima umbali kwa mstari ulionyooka juu ya maji, kana kwamba wajawazito wa ng'ambo wana mabawa. Angeweza kunyamaza, kwani uamuzi ulishapitishwa, lakini alisimama mbele ya mkurugenzi akasema ramani yake ina kosa, akasemwa sana, akakaa roho mkononi akipima upya kwa muda wa safari, mpaka kiwanja kikahamia kando ya daraja. Hospitali ilifunguliwa tarehe 20 Agosti 2007, na siku hiyo alilala usingizi wa mtoto.

Alianza kuugua figo mwaka 2021, akalazwa humo humo, na tarehe 6 Machi mwaka huu hali ilipobadilika ghafla tulimpigia simu dada mkubwa, ambaye hadi leo anaishi ng'ambo, naye akawahi, ndala zimepishana miguuni, wakashikana mikono, wakaongea, hata wakacheka, kisha saa nane mchana akakata roho. Tumelia, ila tumeshusha pumzi, kwa sababu waliagana.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotupikia, wafanyakazi wenzake, na mkurugenzi mstaafu, aliye nasi hapa, ambaye hasira zilipopoa alitia saini kiwanja kihamishwe.

Dada, watu wa ng'ambo wanafika. Pumzika sasa, kwa amani.