Mama Profesa Emérence na Daraja la Kamango

Tarehe 31 Julai, Profesa Emérence Kanyere anastaafu baada ya miaka ishirini na sita katika kitivo chetu cha uhandisi, Butembo. Kwa muda mrefu amewafundisha wanafunzi wa shahada ya udaktari maadili ya utafiti, somo ambalo wengi walilichukua kama mvua: unajikinga mpaka ipite.

Haikupita. Mzaliwa huyu wa Kipese aliwahi kumrudishia mwanafunzi tasnifu iliyomshukuru Mungu, mke na msimamizi, lakini ikamsahau mwashi aliyemchanganyia zege mwaka mzima. Tulicheka sana, kisha kila mmoja akaenda kuangalia shukrani zake mwenyewe.

Kisha ikaja habari ya Onésime, mmoja wa wanafunzi hao. Alikuwa akichunguza daraja la nyaya la waenda kwa miguu karibu na Kamango, na alitaka kujua linavyobeba watu wengi. Alipanga kuwasimamisha wachuuzi katikati ya daraja siku ya soko, na mizigo yao, kwa kisingizio cha kuwapiga picha. Profesa alikataa kutia saini kibali cha jaribio hilo.

“Mama Profesa, tukibaambia, habatakubali,” Onésime alilalamika.

“Basi, hiyo njo jibu yabo.”

Kitivoni tulinung'unika. Ufadhili ulikuwa unakaribia kwisha, na tulimwona anachelewesha kazi. Yeye akaamua kwenda na Onésime mpaka darajani. Barabara kutoka Beni kwenda Kamango ilikuwa imefunguliwa upya baada ya mashambulizi, na siku ile tulipiga simu tangu asubuhi bila kuwapata hata mara moja. Hakuna aliyefundisha vizuri.

Kule mtoni, Profesa aliwaeleza akina mama jaribio lenyewe, bila kuficha kitu. Agar, muuza mawese, aliuliza: “Na kama inakatika, nani atatutosha mu mayi?”

Onésime hakuwa amepanga mtu wa kuwatoa majini. Akina mama wakakataa, wote.

Ikabidi watumie viroba vya mchanga, wakavivuta juu ya daraja kwa kamba kutoka ng'ambo, bila mtu kukanyaga ubao. Uzito ulikuwa haujafikia ule wa watu ambao Onésime alitaka kuwasimamisha, nguzo ya ukingoni ikang'oka. Daraja likapinduka na viroba vyote vikaingia mtoni. Onésime aliketi chini kwenye matope.

“Pale katikati njo ningebasimamisha,” alisema.

Profesa hakurudi kwa shangwe. Alituuliza ni tasnifu ngapi alizokwisha kuzitilia saini bila kufika mahali penyewe. Tangu hapo alifika kila mahali, hata Manguredjipa penye mashambulizi, na kila safari ilitunyima usingizi.

Daraja limejengwa upya juu ya misingi mipya. Onésime alitetea tasnifu yake mwaka mmoja baadaye, na Agar alipanda gari kutoka Kamango kuja kumsikiliza.

Hadi tunapoandika haya, somo la Profesa halijapata mwalimu. Tasnifu tatu zinangoja saini. Mojawapo inahusu mlima unaomomonyoka juu ya nyumba za watu. Hatutaficha: tunaogopa.

Asante, Mama Profesa, kwa kutuchelewesha. Mungu akupe afya, mavuno mazuri ya viazi kule Kipese, na usingizi tuliokuibia. Pumzika kabisa. Lakini simu, tunakuomba, usiizime.